Komeo Limebaki Nje

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeamua. Dirisha la chumba cha mama mkwe linatoka wiki hii, na nitalitoa mwenyewe.

Sababu niliyompa mke wangu Dafrosa: limeoza. Sababu ya kweli: ni mninga. Mbao nne, unene wa inchi moja na nusu, hakuna mchwa aliyethubutu kuzigusa. Nimezipima kwa macho miezi mitatu. Zinatosha mzinga mmoja wa nyuki wa kisasa, pamoja na mfuniko.

Mzinga nauhitaji kabla ya Jumapili. Kikundi cha wafuga nyuki cha hapa kwetu Misunkumilo kinachagua mwenyekiti siku hiyo baada ya misa, na katiba inasema mgombea lazima awe na mzinga wake. Mwenyekiti wa sasa ni Ladislas, seremala, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ana mizinga kumi na miwili. Ana na mdomo. Mwaka wa kumi na tatu huu ananiita "bwana uliyeolewa", kwa sababu naishi katika nyumba aliyoijenga baba mkwe. Nimemweleza mara nyingi kwamba nilihamia kumtunza mama mkwe. Hujibu kwamba ndiyo, hata bibi harusi huambiwa hivyo hivyo.

Baba mkwe, Mzee Ngolo, ndiye aliyelitengeneza dirisha. Aliondoka tarehe 11 Septemba 2009 kwenda kurina asali kwenye miombo ya Inyonga. Hakurudi. Mwili haukuonekana. Matanga hayakukaliwa, mama mkwe alikataa. Nimeandikia redio habari miaka thelathini na moja na kanuni yangu ni moja: vyanzo viwili, vinginevyo si habari. Kifo cha Mzee Ngolo kina vyanzo sifuri.

Alikuwa na desturi. Akitoka porini haingii mlangoni na moshi na nyuki mwilini. Anagonga dirisha mara tatu. Mama mkwe, Mama Romana, anampitishia kata ya maji, ananawa uso, anakunywa yanayobaki, ndipo anazunguka mlangoni. Kila jioni saa kumi na mbili mama mkwe bado anaweka kata ya maji dirishani. Kila asubuhi anayamwaga. Miaka kumi na tano.

Dafrosa amesema: "Baba Hana, hilo dirisha si lako." Nimesema hata mchwa si wangu lakini napambana nao. Amesema hakuna mchwa. Halafu amesema, taratibu, kwamba mama yake akiondoka nyumba hii kwa ajili ya dirisha, hataondoka peke yake.

Nimesikia. Nimeandika. Naendelea.

Jumanne, 3 Septemba

Kikwazo cha kwanza. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Kwetu hilo halina mjadala. Hata nyumba ikiungua, mkwe anapiga kelele akiwa nje. Kwa hiyo kazi yote naifanya nje, Dafrosa anashikilia kwa ndani.

Nimepima kwa nje: upana sentimita 92, urefu 118. Nimekwenda na mtaimbo, nyundo na chupa ya mafuta ya kulainisha misumari. Sikutumia hata kimoja. Nilipoweka mkono, dirisha lilitoka kama jino la mtoto.

Hewa iliyotoka chumbani ilikuwa baridi. Saa saba mchana, Septemba, Mpanda. Baridi, na yenye harufu ya moshi wa kurinia. Mama mkwe hapiki chumbani. Nimeandika tu.

Alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu, kageuka kando kama inavyotakiwa. Akasema na Dafrosa: "Mwambie mkwe wangu, mwenye dirisha akija atagonga wapi?"

Nikasema, Dafrosa, mwambie Mama atagonga mlangoni kama watu.

Ladislas alichungulia juu ya ukuta, akauliza kama bwana uliyeolewa anafungua duka la sigara. Mimi nilikuwa nahesabu mbao.

Jumatano, 4 Septemba

Dirisha jipya limekaa! Fremu ya mbao laini, bati limepigiliwa juu, bawaba mbili, komeo moja la chuma. Vyote kwa mikono yangu.

Marekebisho madogo yalihitajika. Nilipima pamoja na plasta, na tundu lenyewe kwa ndani ni sentimita 89. Nikapunguza fremu kwa randa. Nikapunguza mno. Nikajaza pengo kwa matambara. Juu imebaki nafasi ya vidole viwili. Ni ya hewa.

Saa kumi na moja jioni nikarudi nyuma hatua sita kutazama. Ndipo nikaona. Komeo liko upande wangu.

Maelezo ni mepesi. Fundi anapigilia komeo mahali aliposimama. Mimi nilisimama nje. Kuligeuza kunahitaji mtu aingie ndani na bisibisi, na mtu huyo hawezi kuwa mimi. Dafrosa bisibisi hajui. Ladislas simwombi.

Dafrosa alisema nimemfungia mama yake kama kuku. Nilisema ni usalama. Ladislas, ambaye hakuulizwa, alisema tangu ashike msumeno hajaona dirisha ambalo mwenye nyumba anaomba ruhusa kwa mwizi.

Kisha mama mkwe akacheka. Nilimsikia kupitia ukutani. Sijamsikia akicheka tangu 2009. Akasema kitu, Dafrosa akatoka kuniletea ujumbe, uso umembadilika.

"Anasema ahsante. Sasa hatahitaji kugonga."

Niliuliza nani. Dafrosa aliingia jikoni.

Saa kumi na mbili nimefunga komeo mwenyewe. Nimelisukuma hadi mwisho. Kata ya maji imebaki ndani.

Alhamisi, 5 Septemba

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Dirisha wazi. Komeo limevutwa lote. Kata iko nje, chini ya dirisha, imefunikwa kifudifudi kama afanyavyo mtu aliyemaliza kunywa. Kavu.

Mtuhumiwa: Ladislas. Nia: uchaguzi. Fursa: ukuta wa futi tano.

Mama mkwe aliamka mapema, akafagia uwanja wote akiimba chini chini. Ana miaka sabini na nne. Wiki iliyopita alikuwa anafagia akiwa ameketi.

Hata hivyo siku imekuwa njema. Mzinga umekamilika saa tano. Nimeutundika kwenye mpera nyuma ya nyumba. Vitabu vya kikundi vinasema nyuki wanaweza kuchukua wiki kadhaa, upake nta, usubiri. Sikupaka nta. Saa nane mchana kundi zima lilishuka, likaingia, kwisha. Hawakuzunguka wala kukagua. Waliingia kama watu wanaorudi kwao.

Ladislas aliona. Furaha yangu haielezeki!

Jambo moja. Nikizungumza karibu na mzinga, wananyamaza. Nikinyamaza, wanaanza. Nimejaribu mara sita. Mara sita.

Dafrosa alikuja kusimama chini ya mpera na ungo mkononi. Alisikiliza muda mrefu. Akasema baba yake alikuwa akinoa shoka anavuma hivyo hivyo, mdomo umefungwa. Akarudi jikoni akapika ugali wa watu wanne.

Tuko watatu.

Jioni nimefunga komeo na kuzungushia waya. Mizunguko saba. Ncha nimezikaza kwa plaizi.

Ijumaa, 6 Septemba

Dirisha wazi. Kata nje, kavu.

Waya haukukatwa. Umefunguliwa na kukunjwa duara dogo zuri, ncha imepitishwa katikati, ukawekwa juu ya kata.

Nilikwenda kwa Ladislas nikiwa nimeushika. Mkewe alisema hayupo tangu jana alasiri, amefuata mbao Mishamo. Nilimwambia mke hawezi kuwa chanzo huru. Saa tatu Ladislas akafika nyuma ya pikipiki, mwekundu kwa vumbi hadi kope, na dereva akathibitisha walilala Mishamo wote wawili. Vyanzo viwili. Kwa mara ya kwanza kanuni yangu imenikera.

Nikamwonyesha waya. Utani ukamtoka. Akaugeuza, akaugeuza tena. Alisema ndivyo warina asali wa Inyonga wanavyokunja kamba ya gome, ili ikitupwa juu ya mti ifunguke yenyewe. Yeye mwenyewe amejaribu kujifunza akashindwa.

Kisha hakuniita bwana uliyeolewa. Aliniita Bwana Fortunatus. Alisema: "Bomoa huo mzinga, tumrudishie mzee dirisha lake. Ndani nitaingia mimi. Mimi si mkwe wa mtu humu."

Mbinu ya wazi kabisa. Zimebaki siku mbili tupige kura, naye anataka nibomoe mzinga pekee nilio nao! Nikamshukuru nikamwambia aende akaoge.

Lakini anayefungua nitamjua. Jioni nimechekecha unga wa sembe chini ya dirisha, kilo mbili, hatua tatu kwa tatu. Hata paka akipita nitajua amepita na mguu gani.

Dafrosa ameniuliza unga uko wapi. Nimesema uko kazini.

Jumamosi, 7 Septemba

Matokeo ya unga, kama nilivyoyaona saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi:

Nyayo zipo. Za mtu mzima, miguu mitupu. Zinaanza katikati ya unga, hatua moja na nusu kabla ya ukuta. Kabla ya hapo unga ni laini, haujaguswa. Zinafika dirishani, visigino vimezama, kama mtu aliyesimama muda mrefu akizungumza. Hazirudi.

Mguu wa kushoto hauna kidole kidogo.

Nilikwenda kuchukua daftari na futi. Nilichelewa dakika nne. Kuku kumi na mmoja wa Ladislas walikuwa wameingia na kula ushahidi wote. Nilimpigia kelele. Alisema kuku wake hawapigi kura.

Sikumuuliza Dafrosa kuhusu kidole. Aliniambia mwenyewe, akiwa anapanga vyombo, mgongo kanigeuzia. Shoka, mwaka 1988, wakitundika mzinga.

Nikasema watu wengi hukatwa vidole. Akasema, "Baba Hana, nakuomba. Leo hii. Rudisha dirisha." Alikuwa na machozi. Mama yake ameomba pasi. Amenyoosha kitenge cha harusi, kile cha ndege, amejipaka mafuta nywele, ameketi kitandani kama abiria. Dafrosa amemuuliza anakwenda wapi. Amesema haendi popote, anafuatwa.

Nilipima pande zote mbili. Nikibomoa mzinga leo, kesho sina ugombea. Nikiubomoa Jumatatu, nina uenyekiti na dirisha. Nimemwambia Dafrosa Jumatatu. Nimemwambia amwombe Mama avumilie siku mbili.

"Si mimi wa kuombwa," alisema. "Wala si Mama."

Jioni nimenunua kufuli. Nimelipitisha kwenye komeo. Ufunguo ninao shingoni, pamoja na rozari. Na unga mpya, kilo tatu, kuku wa Ladislas wamefungiwa kwa makubaliano ya maandishi.

Jumapili, 8 Septemba

Asubuhi: ushindi! Dirisha limefungwa. Kufuli liko mahali pake. Unga safi. Nilimwonyesha Dafrosa. Alitazama kufuli kama mtu anayetazama kaburi la jirani.

Tulikwenda misa ya kwanza. Mama mkwe alisema magoti yanamuuma, atabaki. Aliniaga. Aliniaga mimi, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. "Mkwe wangu, ubaki salama." Miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kunisemesha uso kwa uso. Nikainama. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Saa nne kikundi kizima kilikuja nyumbani kukagua mzinga wangu, kama katiba inavyotaka. Watu kumi na tisa, Ladislas miongoni mwao akiwa mbele. Nilitoa maelezo mafupi kuhusu ubora wa mninga. Nikainua mfuniko.

Hapakuwa na nyuki. Hata mmoja. Hata mfu. Ndani mbao zilikuwa za vuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Na moshi.

Kura: Ladislas kumi na tisa. Mimi moja. Nashukuru kwa imani hiyo, ingawa ilikuwa yangu.

Ndipo Dafrosa akaita.

Mlango wa chumba cha mama yake ulikuwa umefungwa kwa gogo kwa ndani. Aligonga, aliita, hakuna jibu. Tukazunguka nje. Dirisha limefungwa, kufuli limefungwa, ufunguo shingoni mwangu. Nilifungua. Dafrosa akapenya dirishani. Mimi niligeuka kutazama ukuta wa Ladislas, kwa heshima, kwa muda wote ambao mke wangu alikuwa ndani akilia.

Kitanda kimetandikwa. Kitenge cha ndege hakipo. Kata haipo.

Ladislas akanigusa bega akanionyesha chini. Kwenye unga, jozi mbili za nyayo, bega kwa bega, zikitoka dirishani. Moja ndogo, ya kandambili. Nyingine mitupu, haina kidole kidogo kushoto. Zilivuka unga. Mbele yake, kwenye vumbi, zilikwenda hadi kwenye mpera, chini ya mzinga, zikaishia pale.

Watu kumi na tisa waliona. Siwezi kuwatumia. Wote ni wapiga kura wa mpinzani.

Jumatatu, 9 Septemba

Dafrosa alikuwa stendi alfajiri. Nilimfuata. Konda wa basi la Inyonga anaitwa Yunus, kijana mwenye adabu, hana sababu ya kudanganya. Nilimhoji mwenyewe.

Alisema jana saa tatu alipanda bibi mmoja mwenye kitenge cha ndege, mkononi kata imejaa maji. Barabara nzima ya vumbi na mashimo, hakumwaga tone. Alikuwa na mzee. Mzee pekupeku, begani mzinga wa gome. Yunus alimwambia auweke kwenye buti, mzee akatabasamu akakaa nao mapajani. Ulikuwa unavuma. Abiria waliogopa nyuki, lakini hawakutoka. Basi lote lilinuka moshi hadi mama mmoja akauliza kama injini inaungua.

Walishuka kabla ya Inyonga, katikati ya miombo, mahali ambapo hakuna kituo, hakuna nyumba, hakuna njia. Yunus aliwaambia, "Bibi, hapa hakuna watu." Bibi alimwambia, "Wapo." Akamuachia salamu: "Wa Misunkumilo wakiuliza, mwambie mkwe wangu ahsante kwa komeo."

Nimeandika kila neno. Lakini ni chanzo kimoja.

Dafrosa alikuwa na begi. Sikuwa nimeliona. Alikata tiketi ya basi hilo hilo. Alisimama mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi, akaniuliza kama nina neno lolote la kumwambia. Aliniita kwa jina langu. Yunus alikuwa ameshikilia mlango, anasubiri, anatazama pembeni.

Nilifikiri vizuri. Nikamuuliza kama, kwa kuwa Mama hayupo tena, sasa naruhusiwa kuingia chumbani.

Alipanda.

Jumatano, 11 Septemba

Simu ya Dafrosa haipatikani siku ya pili. Huko miombo mtandao ni wa shida. Hilo linajulikana.

Nimeingia chumbani. Hakuna aliyenizuia, hakuna wa kunizuia. Nimepima kwa ndani, kama nilivyopaswa kupima mwanzo: sentimita 89 kamili. Nimelitoa komeo nje nikalipigilia ndani. Kazi safi, dakika ishirini. Limekaza kabisa. Kwa nje sasa hapana hata pa kushika.

Ladislas aliniona nikikusanya misumari. Alisema, "Acha lilivyokuwa, mzee wangu. Uliyemfungia nje anaweza kuwa mkeo." Nilimuuliza tangu lini mwenyekiti wa nyuki anashauri madirisha. Aliendelea kusimama pale, hana hata tusi. Kushinda uchaguzi kumemharibu.

Nimetafakari kilichoniangusha. Jibu ni dogo. Mzinga mmoja hautoshi. Mwenye mizinga mitatu haangushwi na nyuki wa mzinga mmoja kuhama.

Na nikiwa nimeketi kitandani kwa mama mkwe, nimegundua kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa nje. Mlango mkubwa wa nyumba. Ubao wake. Nimekwangua rangi kwa kisu. Mninga! Mzee Ngolo alipasua mbao za mlango na za dirisha kutoka mti mmoja, mistari inafanana. Inatoka mizinga miwili, na uchaguzi ujao ni 2027. Mlango wa bati nitautengeneza mwenyewe.

Saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa naandika mistari hii. Dirisha likagongwa mara tatu.

Ladislas. Nikamwambia, bila kuinuka, kwamba komeo sasa liko ndani, na mtu mwenye shida na mimi agonge mlangoni kama watu.

Randa ya Ladislas ilikuwa inasikika ng'ambo ya ukuta, inakwenda na kurudi, haijasimama. Ana mbinu nyingi yule.

Sasa hivi wanagonga mlangoni. Mara tatu. Kwa nje kuna mvumo, mdomo umefungwa, na harufu ya moshi inapita chini ya ubao. Sijafungua. Mkono wangu mmoja una futi.

Sentimita mia mbili na mbili kwa themanini na nne. Kesho asubuhi nang'oa.